KUNAKILI KAZI YA FUNDI MKUU

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Magomeni, Dar es Salaam



Katika mkutano uliopita lilitolewa swali ambalo halikupata jibu, nasi tumeagizwa na Halmashauri tulijibu leo. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa chama chetu kiendelee kulipia chumba cha hapa Magomeni, ambamo baadhi yetu hukutana kila Jumamosi alasiri kujifunza kupaka picha za sura za watu kwa rangi za mafuta?

Wale waonao kuwa haifai walileta hoja mbili. Ya kwanza, kwamba kazi ifanywayo humo ni kunakili tu picha ya mtu aliyekufa zamani, na anakiliye hazai kitu. Tena mwiga tembo hupasuka msamba. Ya pili, kwamba hata kama kunakili kungefaa, fundi tuliyemchagua ni Mzungu wa Hispania, na sura za watu wa Magomeni si sura za watu wa Hispania. Hoja hizi si za kubezwa. Zimetolewa na watu wazima wenye akili, na fedha ya chama ni jasho la wote. Kwa hiyo tutazijibu moja baada ya moja, kisha tuwaachie nyinyi hukumu.

Kwanza na tuitazame amali yetu wenyewe. Karani ni nani ila mtu aliyelelewa na nakala? Siku yake ya kwanza masijala hapewi barua atunge. Hupewa jalada la zamani aone jinsi waliomtangulia walivyoandika: namba ya kumbukumbu hukaa wapi, tarehe hukaa wapi, mkubwa huitwaje, na mtu huambiwaje kuwa ombi lake limekataliwa pasipo kuvunjiwa heshima. Hunakili, akanakili tena, hata mkono ukazoea. Ndipo siku moja mkubwa wake humpa barua na kumwambia, "Jibu hii," naye akajibu kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna aliyepata kumwita karani huyo mwizi kwa kuwa alijifunza katika majalada ya wenziwe.

Kadhalika mtoto wa chuoni huandika juu ya ubao herufi alizoandikiwa na mwalimu, akazifuta, akaziandika tena. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka daftari lenye mstari wa mfano juu, na mistari mitupu chini yake ikitungoja. Hati zetu leo hazifanani hata kidogo, ijapokuwa mfano ulikuwa mmoja. Hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba kunakili hakumfanyi mtu kuwa kivuli cha mwenziwe.

Tena sisi makarani twajua kuliko watu wengine tofauti iliyopo baina ya nakala na udanganyifu. Nakala iliyogongwa muhuri wa kuwa ni nakala ya kweli hupokelewa mahakamani kwa heshima. Nakala ile ile ikijidai kuwa ndiyo asili, ni jinai. Karatasi ni moja na wino ni mmoja. Kitenganishacho ni neno dogo lililoandikwa pembeni. Tafadhali likumbukeni neno hilo dogo, kwa maana tutalirudia.

Sasa tuone mafundi wa picha wenyewe walisemaje. Mnamo mwaka 1400 hivi, mchoraji wa Italia aitwaye Cennino Cennini aliandika kitabu cha kufundisha kazi hiyo. Humo alimshauri kijana ateue fundi mmoja aliye bora, amfuate kwa kunakili kazi zake siku baada ya siku. Kwani anayemfuata huyu leo na yule kesho hatapata tabia ya huyu wala ya yule. Na si vijana tu waliofanya hivyo. Mwaka 1628 Peter Paul Rubens alifika Madrid kwa kazi ya ubalozi. Alikuwa amekwisha pita miaka 50, na jina lake lilijulikana Ulaya nzima. Hata hivyo, wakati alipokuwa huko alikaa katika jumba la Mfalme akinakili picha za Titian, ambaye alikufa mwaka 1576. Mtu huyo hakuwa na haja ya kuiga ili apate chakula. Alinakili kwa sababu alitaka kujua mwenziwe aliwezaje.

Huko Paris, jumba la Louvre lilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1793, wachoraji waliruhusiwa kuingia na kunakili, na desturi hiyo ingali ipo. Lakini imewekewa sharti: nakala isiwe na ukubwa ule ule wa picha ya asili, bali iwe kubwa zaidi au ndogo zaidi, ili mtu asije akaiuza kwa hila. Mnaona, mabwana, hata huko wanajua neno dogo la pembeni.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Basi na turudi nyumbani. Nani katika Dar es Salaam asiyejua jina la Edward Saidi Tingatinga? Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, akaja pwani kutafuta kazi kama wengi wa baba zetu. Mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, vya namna ile ile vinavyopigiliwa darini, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alichora ndege, chui, tembo na watu, na picha zake ziliuzwa Oysterbay penye Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa bahati mbaya, akafa akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Je, kazi yake ilikufa pamoja naye? La. Alikuwa amewakusanya vijana, wengi wao ndugu na jamaa, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, Kaspar Tedo na January Linda. Hawakufundishwa kwa vitabu wala kwa mitihani. Walikaa karibu na fundi, wakatazama mkono wake, wakafanya kama alivyofanya. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Vijana hao nao wakapata wanafunzi wao, na wale wakapata wengine, hata mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Picha ambazo leo wageni hununua na kupeleka kila pembe ya dunia zimetokana na kunakili, tena kunakili kwa upendo. Baadhi ya wanafunzi walibaki wakirudia chui yule yule. Wengine wakapata njia zao. Hilo ni hali ya kila chuo, hata chuo cha makarani.

Hata hivyo haki yatupasa tumsikilize na mpinzani aliye mkubwa kuliko wote. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ndiye aliyechora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, zilizokamilika mwaka 1959, na mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa huko Nairobi. Yeye alifundisha kwamba mtu asinakili, kwani kunakili humlaza Mungu usingizi. Ni neno zito. Na kabla yake, Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji huko Kampala mwaka 1937, hakupenda wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwataka wachore yale waliyoyaona kwao na hadithi walizozisikia. Katika mikono yake alitoka Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, ambaye alichora migomba, mavuno na arusi za Uchagani. Picha yake moja, ya watu wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York. Mtu huyo alikuwa pia Balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London.

Basi, je, Njau na Bibi Trowell walikosea? Sisi twaona kuwa hawakukosea, ila walikuwa wakisema juu ya jambo jingine. Walihofu kwamba Mwafrika atajiona mtupu, aache ya kwake, avae ya mwingine, asije akayavua tena. Katika siku zile hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini kunakili ili ujue, na kunakili ili ujifiche, ni vitu viwili. Wa kwanza huchukua mkono wa fundi. Wa pili huchukua jina lake. Wa kwanza huacha nakala siku moja, kama mtoto aachavyo kushika ukuta akishajua kutembea. Kama tungekuwa na nia ya kushika ukuta maisha yetu yote, tungekuwa wa kwanza kuwaomba mkifunge chumba kile.

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza. Sasa twaja katika ya pili, juu ya fundi na sura tuliyoichagua.

Fundi ni Diego Velázquez wa Seville, mchoraji wa Mfalme wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1599. Lakini sura si ya Mfalme, wala si ya Mzungu. Ni sura ya Juan de Pareja, mtu mweusi wa asili ya Kiafrika, mzaliwa wa Antequera, aliyekuwa mtumwa katika nyumba ya Velázquez na msaidizi wa karakana yake. Velázquez alimchukua kwenda naye Italia, na huko Rumi mwaka 1650 akampaka kwa rangi za mafuta. Picha ina urefu wa sentimita 81 hivi na upana wa 70. Mwezi wa Machi mwaka ule iliwekwa mbele ya watu katika Pantheon, nao wakaistaajabia. Husimuliwa kwamba watu walisema picha nyingine zilionekana kuwa picha, na hii peke yake ilionekana kuwa kweli.

Tazameni mtu huyo alivyosimama. Mavazi yake ni ya rangi ya kijivu iliyokoza, shingoni ana ukosi mweupe wa nakshi, mkono mmoja umepita mbele ya mwili. Anawatazama watu usoni. Hainamishi macho, wala hatabasamu ili apendwe. Nanyi mkumbuke kwamba siku alipokaa mbele ya fundi alikuwa bado mali ya mtu. Hati ya kumwacha huru iliandikwa huko Rumi mwezi wa Novemba mwaka ule ule 1650, na ndani yake akawekewa sharti la kutumika miaka minne zaidi.

Hadithi haikuishia hapo. Pareja alikuwa amekaa miaka mingi akisaga rangi, akitayarisha vitambaa, akitazama. Alipokuwa huru alikuwa mchoraji kwa haki yake. Mwaka 1661 alichora picha kubwa ya kuitwa kwa Mathayo Mtakatifu, ambayo upana wake wapita mita 3, nayo ipo katika jumba la Prado huko Madrid. Upande wa kushoto wa picha hiyo amejichora mwenyewe amesimama, anatutazama, na mkononi ameshika karatasi. Na juu ya karatasi hiyo, mabwana, ameandika jina lake. Mtu ambaye jina lake liliwahi kuandikwa katika hati kama kitu kinachomilikiwa, ameliandika yeye mwenyewe kama mtenda kazi. Alikufa mwaka 1670.

Kwa miaka mingi Pareja alijulikana zaidi kwa sura yake kuliko kwa kazi yake. Mmoja wa watu waliomtafuta alikuwa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, mtu mweusi mpenda vitabu, ambaye mkusanyo wake ulinunuliwa na maktaba ya New York mwaka 1926, naye akasafiri mpaka Hispania kuzitafuta habari za watu weusi wa zamani. Mwaka 1970 picha ile ya Velázquez iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2, ikaenda katika jumba la Metropolitan huko New York. Na mwaka 2023 jumba hilo lilifanya maonyesho makubwa juu ya Pareja mwenyewe na kazi zake. Tangu mwaka 2017 jumba hilo huruhusu mtu yeyote kuchukua picha za kazi zake nyingi za kale bila malipo. Ndivyo Pareja alivyofika Magomeni: tulimpiga chapa katika duka moja la Kariakoo.

Kwa hiyo asemaye kwamba tumechagua sura isiyo yetu, twamwomba aje chumbani atazame kwanza.

Sasa, kwa kuwa wengi wameuliza kazi yenyewe hufanywaje, tutaieleza kwa ufupi, ili mjue fedha yenu huenda wapi.

Hatukuanza na kitambaa, kwa sababu kitambaa ni ghali na hewa ya pwani hukiletea ukungu. Twatumia hadibodi, kama alivyotumia Tingatinga. Ubao hupakwa gundi kwanza, kisha chokaa laini iliyochanganywa na gundi, mara tatu au nne, na kusuguliwa kwa msasa mpaka uwe laini kama ganda la yai. Mwenye kutumia marekani badala ya ubao asiache kupaka gundi, kwani mafuta yakiingia katika nyuzi huzioza. Juu ya weupe huo twapaka rangi nyembamba ya hudhurungi, maana weupe mtupu huyadanganya macho.

Kisha huja mchoro. Picha iliyopigwa chapa huchorwa miraba kwa penseli, na ubao huchorwa miraba iliyo sawa kwa hesabu, ila kwa kipimo cha robo tatu: sentimita 61 kwa 52 hivi. Hivyo twashika sharti la Louvre, ijapokuwa hatujawahi kukanyaga huko. Halafu kila mraba hunakiliwa peke yake. Mara kwa mara twaigeuza picha juu chini. Jambo hili huwachekesha wapita njia wanaochungulia dirishani, lakini lina maana. Picha ikiwa wima, jicho husema, "Hili ni pua," na mkono huchora pua ulioizoea. Ikigeuzwa, jicho halijui pua. Laona tu umbo la kivuli na umbo la nuru, na mkono huchora kile kilichopo.

Baada ya mchoro huja rangi ya kwanza, ya hudhurungi tupu iliyolainishwa kwa tapentaini, kwa ajili ya nuru na giza tu. Ndipo huja rangi zenyewe, nazo si nyingi: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, hudhurungi na nyeusi. Sheria ya mafundi ni kwamba tabaka za chini ziwe na mafuta machache na za juu ziwe na mafuta mengi, kwani yenye mafuta machache hukauka upesi. Tabaka la juu likikauka kabla ya lile la chini, uso wa picha hupasuka kama tope la kiangazi.

Hapa ndipo tulipoelewa tofauti baina ya kazi hii na ya wana wa Tingatinga. Rangi ya baiskeli hukauka kwa saa chache. Kwa hiyo wao huweka rangi moja wazi, na mpaka wake ni mkali, na uzuri wake umo katika ukali huo. Rangi ya mafuta ya kitani hukaa mbichi siku kadhaa. Kwa hiyo mpaka wa shavu na kivuli waweza kulainishwa kwa brashi kavu hata usijulikane nuru ilipokomea. Hakuna iliyo bora kuliko mwenzake. Kila rangi ina tabia yake, na fundi ni yule aliyeifuata.

Hata dirisha lilitufunza. Vitabu vya Ulaya vyasema mchoraji akae penye dirisha la kaskazini, jua lisimfikie. Lakini huko jua hupita kusini. Hapa kwetu Dar es Salaam, tangu Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, basi dirisha la kusini ndilo lenye nuru tulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Atakaye kunakili kitabu pasipo kufikiri, hapo atapigwa na jua.

Lakini funzo kubwa lilikuwa rangi ya ngozi. Wengi wetu twajua mabango ya vinyozi na picha za ukumbusho zichorwazo kando ya njia. Mtu mweusi hupakwa hudhurungi moja, na palipo na kivuli huongezwa nyeusi. Matokeo yake uso huwa kama umepakwa majivu. Tulipomfuata Velázquez mraba kwa mraba, tuliona kuwa uso wa Pareja si rangi moja. Penye paji, nuru iangukapo, kuna kijivu cha baridi karibu na buluu, kwa sababu ngozi nyeusi hung'aa na kuakisi mwanga wa mbingu kama maji. Shavuni kuna wekundu. Chini ya taya kuna hudhurungi yenye joto. Nyeusi tupu ni kidogo sana. Mtu huyo wa Hispania, miaka zaidi ya 370 iliyopita, alikaa akautazama uso mweusi kwa uangalifu kuliko mashine nyingi zilivyofanya baadaye. Maana yajulikana kwamba kwa miaka mingi filamu za picha za rangi zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, na sura zetu zikatoka humo kama giza lenye meno.

Basi, Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo jambo hili linapotoka katika kuwa mchezo wa Jumamosi.

Mnamkumbuka mzee wetu wa masijala aliyefariki, ambaye wengi wenu mlifundishwa naye kufungua jalada. Hatutataja jina lake hapa, kwani familia yake imetuomba hivyo, nanyi nyote mwamjua. Miaka mingi alibeba kumbukumbu za watu wengine. Alipofariki, mjane wake alitafuta picha ya kuweka ukutani, akapata moja tu: ile ndogo ya kitambulisho cha kazi, yenye mwanga wa ghafula usoni, paji limekuwa jeupe na macho yamezama. Alituletea, akatuuliza kama twaweza kumrudishia sura ya mumewe.

Tusingekuwa tumemnakili Pareja, tungenakili picha ile ndogo kama ilivyo, pamoja na uongo wake wote. Lakini tulikuwa tumejua mwanga hukaaje juu ya ngozi kama ya mzee wetu. Kwa hiyo tulichukua katika picha ile vipimo tu: umbali wa jicho na jicho, upana wa pua, mstari wa nywele. Mengine tuliyatafuta kwingine. Mjane alikaa nasi Jumamosi nne, akatueleza jinsi alivyoinua nyusi moja alipokuwa akisikiliza, na jinsi mdomo wake ulivyofungwa. Mwanawe wa kiume, aliyerithi taya la baba, alikaa dirishani ili tuone kivuli. Tulimsimamisha mzee kama Pareja alivyosimama, mkono mmoja mbele, macho kwa watu. Badala ya ukosi wa nakshi tulimpa shati lake jeupe na kalamu mfukoni.

Picha ilipokwisha, mjane aliitazama kitambo kirefu. Kisha akasema, "Sasa anasikiliza." Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza.

Mabwana na mabibi, hiyo si nakala ya mtu yeyote. Hakuna picha nyingine kama hiyo duniani. Lakini isingaliwezekana bila nakala iliyotangulia. Hapo ndipo tuonapo jibu kwa wenzetu wanaosema kuwa anakiliye hazai kitu.

Nanyi fikirini. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani kama sisi, aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga. Watu wa namna hiyo walitutangulia kwa mamia, katika mahakama, posta, forodha na masijala. Majina yao yamo katika majalada. Sura za wengi wao hazimo popote. Hapa hapa Magomeni ipo nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere, ambayo imefanywa makumbusho, na watu huja kuitazama. Na hiyo ni haki. Lakini nani atakayehifadhi sura ya mwandika taipu, tarishi na mtunza majalada, ikiwa chama chao wenyewe hakitazihifadhi?

Kwa hiyo twatoa mapendekezo manne, nanyi myapime.

La kwanza: chumba kiendelee kulipiwa kwa mwaka mmoja, na hesabu zake zisomwe mbele yenu kila baada ya miezi mitatu.

La pili: kila mwanafunzi anakili picha ya fundi mkuu mara tatu, wala asizidishe. Baada ya hapo achore mtu aliye hai, jirani au ndugu, akaaye mbele yake. Hivyo tutamtii Cennini, na Njau pia hatutamdharau.

La tatu: kila nakala iandikwe nyuma yake, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ni nakala, ya kazi ya nani, kwa mkono wa nani, na mwaka gani. Tena isiwe na ukubwa wa asili. Jina la Tingatinga limekwisha kuandikwa kwa hila juu ya picha nyingi asizozichora. Aibu hiyo isitoke katika chumba chetu. Hili ndilo neno dogo la pembeni tulilowaomba mlikumbuke.

La nne: kila mwaka chama kichague mtumishi mmoja, aliye hai au aliyefariki, ambaye hakuwa mkubwa wa cheo, sura yake ipakwe na kutundikwa katika ukumbi huu, na jina lake liandikwe chini yake kwa ukamilifu, kwa ridhaa yake au ya jamaa zake.

Wapo watakaosema kwamba ukuta huu una haja ya chokaa kabla ya picha. Ni kweli, nasi tumeuona. Walio chumbani wamejitolea kuupaka chokaa wenyewe, kwa kuwa brashi tunazo.

Kama mtayakubali haya, kazi itaanza Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, na kila mwanachama anakaribishwa, hata asiyejua kuchora mstari. Kama mtayakataa, tutaukubali uamuzi wenu, na ufunguo wa chumba tutamrudishia Bwana Mweka Hazina kesho asubuhi. Twaomba tu kwamba kabla ya kupiga kura kila mmoja wenu ajiulize ana picha ngapi za babu yake.